Dar es Salaam Masika Yakiisha

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa waliosoma shuleni kwetu hapa Nyakato, Musoma.)

  Vijana, marahaba, mliniamkia kwa sauti kubwa kabla sijafika mbele, nami sikujibu kwa kuwa nilikuwa natafuta miwani.

Katibu aliniandikia kunitaka niseme juu ya "maisha ya jijini". Kila mwaka anasimama mtu hapa na kuwaambieni kwamba jiji lina wezi, lina ulevi, na lina watu wanaouza viwanja visivyo vyao. Yote hayo ni kweli, nanyi mmekwisha kuyasikia. Mimi leo nataka kusema juu ya starehe. Mkuu wa Shule asishtuke. Ni starehe za mchana, na nyingi haziuzwi.

Nianze na jambo la darasani. Tulipokuwa Kidato cha Pili tulisomeshwa mashairi ya Kiingereza yanayosifu majira yao ya kuchipua, yaani ule wakati baridi kali inapokwisha, miti inatoa majani, na watu wanatoka nje kama kuku waliofunguliwa bandani. Mwalimu akauliza majira hayo kwetu ni yapi. Kimya. Kisha mwenzetu mmoja kutoka Majita akasema, "Mwalimu, sisi tuna mvua na tuna jua." Tulicheka, lakini alikuwa amejibu vizuri kuliko sisi tuliokaa kimya. Hapa Mara hatuna baridi ya kutufungia ndani, kwa hiyo hatuna siku ya kufunguliwa.

Pwani ni mbali kidogo na hivyo. Dar es Salaam kuanzia Desemba hadi katikati ya Machi ni joto. Upepo ni kaskazi, shati linalowa kabla hujafika kituoni. Halafu yanakuja masika, Machi hadi Mei. Mvua ya huko si hii yetu inayopiga alasiri moja ikaenda zake ziwani. Inaweza kunyesha kucha, bonde la Msimbazi likafurika, na Barabara ya Morogoro pale Jangwani ikafungwa, mtu wa Magomeni akaitazama Kariakoo kwa macho tu. Mwishoni mwa Mei mawingu yanatawanyika, kusi inavuma kavu, na kipupwe kinaingia. Juni, Julai na Agosti usiku hali ya hewa hushuka hata chini kidogo ya nyuzi 20, na mwenyeji wa Temeke utamwona amevaa sweta. Machungwa ya Muheza yanajaa kwenye mikokoteni. Nikiulizwa leo swali lile la mwalimu, nitajibu kwamba majira ya kuchipua ya jiji letu ndiyo hayo, masika yanapokwisha.

Sasa tazameni kalenda yenu. Kidato cha Nne mnafanya mtihani Novemba. Matokeo hutoka Januari. Wanaochaguliwa kuendelea huanza Kidato cha Tano Julai. Katikati hapo kuna miezi saba au minane, na wengi wenu hupandishwa basi pale Bweri, mkapita Bunda, Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro, mkateremka Mbezi, kwenye kituo kikubwa cha mabasi kilichofunguliwa mwaka 2021, mkapokelewa na baba mdogo. Waliomaliza Kidato cha Sita wengi huitwa JKT. Hao wana shughuli. Ninaowasemea ni hawa wa Kidato cha Nne.

Kijana anafika kwa baba mdogo. Baba mdogo ni mtu mwema, lakini anatoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku. Anamwambia kijana, "Kaa hapa, angalia nyumba, usitoketoke, mji huu ni mbaya." Basi kijana anakuwa mlinzi wa geti. Anamwagilia maua, anatazama televisheni, anachezea simu, na kila jioni anasimama barabarani na vijana wengine ambao nao wameambiwa wasitoketoke. Mpwa wangu mwenyewe alikaa Tabata tangu Desemba hadi Juni kwa ndugu wa upande wa baba yake. Aliporudi Musoma nikamwuliza bahari ikoje. Akasema hajaiona. Miezi saba, bahari iko kilomita chache tu, na nauli yake ni ya kununua soda mbili! Lakini maduka ya pombe ya mtaa ule aliyajua yote kwa majina, kwa kuwa hayo yalikuwa karibu na geti.

Wenzangu, hilo ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Tunadhani tukimfungia kijana tumemkinga na jiji. Tumemkinga na nusu yake iliyo nzuri. Ile nusu nyingine humfuata hapo hapo alipo.

Kwa hiyo niwatembezeni kidogo, na niseme kwanza kwa miguu. Panda mwendokasi, mabasi yale yaliyoanza mwaka 2016, kutoka Kimara mpaka Kivukoni, ukiwa umetoka mapema. Hapo uko ufukweni kabisa mwa bandari. Katika eneo hilo, kwa asubuhi moja tu, unaweza kuona mji ulivyozaliwa. Lipo Boma la Kale, jengo la mawe ya matumbawe la miaka ya 1860, wakati Sultani Majid wa Unguja alipoanza kujenga mji mpya karibu na kijiji cha Mzizima. Yapo makanisa mawili ya wakati wa Wajerumani, la Mtakatifu Yosefu na la Azania Front, yote yaliyomalizika mwaka 1902. Ukipanda juu kidogo unaikuta Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Kabla yake pale palikuwa na sanamu ya gavana Mjerumani, von Wissmann. Vijana wa somo la historia, msipite pale kama mnaopita nguzo ya umeme. Wapagazi wale ndio walioacha jina la Kariakoo. Ni jina la Kiingereza la kikosi chao, lililogeuzwa na ndimi zetu.

Kisha nenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Lilifunguliwa mwaka 1940 kwa ukumbusho wa Mfalme George wa Tano wa Uingereza, lakini vilivyomo ndani ni vyetu. Fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey kule Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa miaka milioni moja na laki saba na nusu hivi, ni mali ya makumbusho hayo. Olduvai na sisi tumetenganishwa na mbuga ya Serengeti tu, lakini mtoto wa Mara aghalabu hulisoma fuvu hilo katika kitabu na kudhani liko Ulaya. Yapo pia magari ya viongozi wa zamani. Nje kuna ukumbusho wa waliokufa katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani, tarehe 7 Agosti 1998. Ukitoka, bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani iko hapo karibu, na jirani yake ni Karimjee, ukumbi ambao Bunge letu lilikutania kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Dodoma. Kaa chini ya mti ule machungwa yako.

Sisi watu wa mkoa huu tuna deni lingine pale. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama, alianza shule Mwisenge hapa hapa mjini mwaka 1934, na amezikwa Butiama. Mwanzo tunaujua na mwisho tunaujua. Katikati yake iko Dar es Salaam, na inaonekana kwa macho. Magomeni iko nyumba aliyokaa siku za kupigania uhuru, nyumba ya kawaida ya mtu wa kawaida, ambayo sasa ni makumbusho. Mtaa wa Lumumba ndiko TANU ilikozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Pugu, kama kilomita 20 kutoka katikati ya jiji, ndiko alikofundisha hadi alipoacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Kuna msitu huko wenye vilima, na baada ya mvua ni kijani kitupu. Ni mahali pazuri pa kwenda Jumamosi kikundi cha watu watano au sita, pamoja na mtu mzima anayepajua. Uwanja wa Uhuru ndiko bendera ilikopandishwa usiku wa manane wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961.

Na kwa kuwa nimeutaja Uwanja wa Uhuru, jirani yake ni ule wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, na najua mnangoja niseme. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba 1936, na tangu hapo nyumba nyingi hazijapata amani. Mwisho wa ligi huangukia Mei au Juni, na kabla ya msimu mpya kila timu hufanya siku yake ya kuwaonyesha wachezaji wapya. Viti vya mzunguko si ghali. Siku ya Simba na Yanga nenda na mtu mzima, ingia mapema, na usivae rangi ya kuwachokoza wanaokuzunguka. Mimi ni wa timu gani? Hilo halikuwamo katika barua ya Katibu.

Nije kwenye Sabasaba. Maonyesho ya biashara ya kimataifa hufanyika kila mwaka katika viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, kuanzia tarehe 28 Juni mpaka katikati ya Julai. Ya mwaka 2025 yalikuwa ya 49. Watu wengi huenda kula mishikaki na kupiga picha, na sina neno nao. Lakini kijana aliyemaliza Kidato cha Nne hana siku nyingine katika mwaka ambapo kazi zote za nchi zimewekwa mbele yake chini ya mapaa machache. Wapo VETA na wanafunzi wao wakichomelea vyuma na kutengeneza mashine ndogo ndogo. Wapo Magereza na samani zao, ambazo watu huzipigania. Wapo JKT na mboga zao na mifugo yao, vyuo vikuu na wanafunzi wao wenye kueleza mpaka sauti ikauka. Simama uulize. Yule anayeonyesha mashine ya kukamua alizeti amelipwa aongee nawe, na huchoka kusimama peke yake. Mwenzetu mmoja aliyeketi hapa mbele, sitamtaja, alikosa nafasi ya Kidato cha Tano, akaenda Sabasaba kwa kutalii tu, akakaa saa tatu kwenye banda moja la ufundi wa majokofu. Leo ana karakana yake Mwanza, nami samaki wangu hukaa katika jokofu alilolitengeneza yeye.

Ukiwa huna fedha kabisa, na mvua bado inanyesha, iko Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Mwalimu aliifungua tarehe 9 Desemba 1967. Ada yake ni ndogo, mna kivuli, mna viti, mna magazeti, na hakuna anayekuuliza umetoka wapi ukikaa kimya. Kijana anayengoja matokeo akisoma humo siku mbili kwa wiki, Julai ataingia Kidato cha Tano akiwa mbele ya wenzake. Na Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, kilichoanzishwa mwaka 1966, kina nyumba za asili za makabila yetu: msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo, na nyinginezo. Mara nyingi alasiri hupigwa ngoma. Ni hapo tu jijini nilipowahi kumwona mtoto aliyezaliwa Sinza akiuliza msonge una vyumba vingapi.

Sasa bahari, na hapa naomba mnyamaze kidogo.

Sisi tumekulia majini. Kila mtoto wa Mwigobero na Makoko anaogelea. Ndiyo maana bahari ni hatari kwetu kuliko kwa mtoto wa Dodoma, ambaye anaiogopa. Ziwa letu lina mawimbi, lakini asubuhi na jioni maji yako mahali pale pale. Bahari hujaa na kupwa, mara mbili kwa kila siku moja hivi, na kila siku saa zake husogea mbele kama dakika 50. Ukiogelea leo saa nne maji yakiwa shwari, wiki ijayo saa nne utakuta mambo mengine kabisa. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, maji ya Dar es Salaam yakapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Yanapopwa hayashuki kimya kimya. Yanakwenda, na yanakwenda na wewe. Jirani yangu mmoja alimpokea kijana kutoka Musoma, mwogeleaji hodari, aliyeingia baharini Coco maji yakiwa yameanza kutoka. Alipogeuka kurudi akaona anapiga mikono na ufuko hausogei. Wavuvi ndio waliomwokota. Alikuwa hawezi kusema. Kabla hujavua viatu, mwulize muuza madafu au mvuvi maji yanaingia au yanatoka. Yanatoka? Kaa mchangani ule mihogo ya kuchoma, ambayo pale Coco ni mizuri sana, ina pilipili na ndimu.

Lakini ufukweni nendeni. Nendeni Feri asubuhi mtazame mnada wa samaki. Mtu aliyezoea sato, sangara na dagaa atasimama mdomo wazi mbele ya pweza, ngisi, tasi, kibua na changu wa rangi zote. Mimi nilichukua miaka miwili kabla ya kula pweza, nikidhani ni mchezo ninaofanyiwa kwa kuwa natoka bara. Kisha pandeni kivuko hapo hapo mvuke hadi Kigamboni. Safari ni ya dakika chache, nauli ni ndogo kuliko bei ya soda, na meli kubwa za kutoka China na India zinapita karibu yenu lango la bandari lilivyo jembamba. Mnaweza kurudi kwa kupita Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya navyo ni vizuri, ila huko kuna gharama ya mashua na kiingilio. Ngojeni mpate mishahara.

Ndugu Mwenyekiti, nimesema mengi ya vijana. Yaliyobaki ni ya wazee wenzangu, nanyi hamtayapenda kama mlivyoipenda habari ya Simba na Yanga.

Hakuna hata sehemu moja niliyoitaja ambayo kijana mgeni anaweza kwenda peke yake siku ya kwanza. Hajui kituo, hajui kushuka, anaogopa kuulizia. Akienda mara moja na mtu anayejua, mara ya pili atakwenda mwenyewe, na mara ya tatu atampeleka mwenzake. Kinachohitajika ni ile mara moja. Sisi tulioko Dar es Salaam tunakutana mara kwa mara, tunachanga kwa ajili ya harusi na misiba, tunakula, tunakumbushana viboko vya enzi zetu. Kila Januari vijana wa shule hii wanateremka Mbezi, na hatujui hata majina yao. Nimesikia wenzangu wakinung'unika kwamba watoto wa siku hizi wanaharibikia mjini. Wanaharibikia mikononi mwa nani, kama si mwetu?

Ninapendekeza hivi. Kila mmoja wetu aishiye Dar es Salaam atoe Jumamosi mbili tu kati ya Januari na Julai. Jumamosi ya kwanza, mzunguko wa mjini niliousema, kuanzia Kivukoni na kumalizia Makumbusho ya Taifa. Ya pili, Pugu, au Sabasaba kwa wale watakaobakia. Mtu mmoja na vijana wanne. Atakayeshindwa kutembea, naona matumbo mengine hapa, atoe nauli na chakula cha mchana. Wenzetu wa Mwanza nao wanaweza kufanya lao, maana wengi hupita kwao kwanza, na mji wao una mawe na visiwa ambavyo sisi wa Dar hatuna. Na akina baba wadogo tuwapigie simu wenyewe tuwaombe ruhusa kwa heshima, kwa sababu nyumba ni yao na geti ni lao.

Nimemwachia Katibu karatasi mbili. Moja ni ya walioko Dar es Salaam: andikeni jina, mtaa, na Jumamosi mnazotoa. Nyingine ni ya wanafunzi wa Kidato cha Nne wanaotazamia kwenda huko Desemba: andikeni mnakofikia, na namba ya simu ya huyo atakayewapokea. Karatasi ziko kwenye meza ile penye jagi la maji, na kalamu nimeifunga kwa uzi kwa sababu nawajua watu niliosoma nao.